Neno Kendidi na Mfano Wake

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Ukiitafuta kwenye ramani utaikuta pale pale ramani inapokunjwa, na kwa kukunjwakunjwa jina limefutika. Watu wake ni wema. Wanacheka mbele ya wakubwa, wanalia wakishafunga milango, na wakikutana njiani wanaulizana habari na kujibiana nzuri, hata aliyetoka kuzika.

Siku moja wakaja wageni kutoka nje. Walikaa siku tatu, wakala, wakapewa vinyago vya twiga. Walipokuwa wakiagwa uwanja wa ndege, mkubwa wao alimshika mkono Baba Mlezi wa Taifa akamwambia kwa Kiingereza kwamba nchi ni nzuri na twiga ni wazuri, ila angefurahi kuona kendidi zaidi. Baba Mlezi akatikisa kichwa mara tatu, kama afanyavyo akisikia jambo asilolijua. Mkalimani naye hakulijua, akatafsiri kwa kukohoa.

Ndege haijapotelea mawinguni, redio imeshatangaza: ifikapo mwisho wa mwaka nchi itakuwa na kendidi ya kutosha, na ziada itauzwa nje.

Basi ikatafutwa. Bandarini makontena yalifunguliwa yote, yakatoka matairi na mitumba. Wizara ya Kilimo iliuliza kama hupandwa kwa mbegu au kwa vipando. Mkuu wa mkoa mmoja aliandika kwamba kwake ilikuwepo zamani, imeliwa na nzige. Mwenzake wa jirani, asije akapitwa, aliandika kwamba kwake zimevunwa gunia elfu mbili na watoto wanaipenda na maziwa. Ndipo likatoka agizo kwamba neno hilo lipelekwe Idara ya Maneno, lichunguzwe maana yake na matumizi yake.

Idara ya Maneno ndiko nilikokuwa nikifanya kazi. Nilipika chai na kufagia. Shule niliishia darasa la saba, lakini niliingia kila chumba na kila kikao, maana chai huingia kila mahali.

*

Mkurugenzi wetu alikuwa Daktari Mtengule, mtu mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutazamia watu. Alifungua kikao kwa kusimama.

"Waheshimiwa wajumbe," alisema, "lugha ni mali ya umma. Na mali ya umma, kama mjuavyo, haiachwi ovyo mikononi mwa umma."

Wakapiga meza. Nikamimina chai.

Akafunua kamusi nene ya Waingereza. "Maana ya kwanza. Mtu asemaye lililo moyoni mwake, bila kuficha wala kupamba."

Mjumbe mmoja alirudisha kitumbua kwenye sahani. Nikasikia birika langu linavyopumua.

"Hakuna maana nyingine?" aliuliza bwana wa Usalama. Huyu kikaoni hakuwa na jina. Kwenye orodha ya wajumbe palikuwa na mstari mtupu, na ndio yeye.

"Ipo. Maana ya pili: picha anayopigwa mtu bila mwenyewe kujua."

Meza nzima ikashusha pumzi.

"Aa, hiyo mbona tunayo!" alisema bwana yule. "Tena makabati kumi na saba."

"Na maana ya tatu, ya kale sana: nyeupe, safi."

"Nyeupe ipo," alidakia Bi Nunu wa Ugavi. "Tuna marobota arobaini ya bafta ghalani. Ililetwa kwa ajili ya sanda mwaka ule wa kipindupindu, ikabaki."

"Kipindupindu kiliisha?"

"Kilikatazwa kutajwa."

Kwa hiyo kati ya maana tatu, nchi ilikuwa tayari na mbili bila jasho. Ikabaki ile ya kwanza, ambayo haikuwa na mfano.

Hapa sina budi kueleza. Tangu tupate uhuru ipo kanuni kwamba hakuna neno linaloingia kwenye Kamusi Kuu bila sentensi ya mfano iliyotamkwa na raia aliye hai. Na raia huyo, akishatamka, anahifadhiwa na Idara mpaka Baba Mlezi alisome neno lake na kulipitisha, asije akageuza maneno. Hakuna aliyeiogopa kanuni hiyo. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliwahi kutoa mfano wa neno bamia. Alisema, "Bamia huteleza." Wakamhifadhi mwezi mmoja, akarudi amenenepa, ana shati jipya, na mpaka leo hukaa barazani akiwasimulia watu wali aliokula.

*

Ikatolewa Fomu ya Ukweli, nakala tatu. Mwombaji alitakiwa kujaza jina lake, ukweli anaokusudia kuusema, ameujua tangu lini, na kwa nini hakuusahau.

Watu walijipanga mpaka barabarani. Wa kwanza alisimama mbele ya kamati akasema, "Nakiri bila kuficha kwamba Baba Mlezi anachoka mno kwa ajili yetu, na sisi hatumpi pole ya kutosha." Daktari Mtengule alitikisa kichwa kwa huzuni. "Imepambwa," alisema. Wa pili alisema mke wake hajui kupika. Hiyo ilikuwa kweli tupu, mke mwenyewe alikuwepo kwenye foleni na hakubisha, lakini kamati ilisema ni ya nyumbani, hapa inatakiwa ya umma. Wiki mbili zikapita. Mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia.

Nami nikachukua fomu moja nikaipeleka nyumbani.

Nilikuwa nikiishi na dada yangu, Mwajabu, aliyenilea. Ni fundi cherehani. Alikuwa na mtoto mmoja, Kheri, wa mwaka mmoja na nusu, na wakati huo ilikuwa siku ya arobaini tangu tumzike. Tangu mazishi dada hakuwa akila ila chai, na maneno aliyosema yangeweza kujaa kisahani. Mimi nikawaza hivi: akipata kuwaambia wakubwa lililompata, moyo utapata nafasi. Na mzee wa bamia alirudi amenenepa.

"Dada," nilimwambia, "kule kazini wanatafuta mtu wa kusema kweli."

Alikata uzi kwa meno. "Kwani iliwapotea wapi?"

"Wanatafuta, tu. Ukishasema wanakuweka siku chache, wanakulisha wali."

"Halafu?"

"Halafu unarudi."

Alitazama fomu muda mrefu. "Niandikie wewe," alisema.

Nikaandika. Mwandiko wangu ni mzuri, shuleni walinisifu. Nilijaza nakala zote tatu, na pale pa kuuliza kwa nini mwombaji hakuusahau ukweli huo, nilimwuliza dada niandike nini. Akasema, "Acha wazi."

*

Alisimama mbele ya kamati na kanga yake ya msibani, akasema bila kuinua sauti:

"Zahanati ya Bondeni imekatiwa utepe mara nne. Mwanangu Kheri alifia kwenye ngazi zake saa sita mchana, kwa sababu ndani hamna mganga wala dawa, mna mikasi minne."

Daktari Mtengule alivua miwani ya kutazamia watu. Machozi yalimlenga.

"Mmesikia?" alisema. "Mmesikia, waheshimiwa? Hakuna pambo hata moja! Hakuna 'naomba', hakuna 'labda'. Miaka ishirini na sita niko kwenye kazi hii na sijapata kusikia sentensi iliyonyooka namna hii."

Wote wakasimama wakapiga makofi. Aliyepiga zaidi alikuwa Waziri wa Afya na Ufunguzi, ambaye mikasi ile minne aliishika kwa mkono wake mwenyewe. "Anajua kusema huyu mama," alimnong'oneza jirani yake. "Ufasaha wa kuzaliwa nao."

Wakafuta neno Kheri, kwa kuwa mfano hautakiwi kuwa na jina la mtu. Wakampeleka kwa Bi Nunu ampime bafta, ili maana ya tatu nayo itumike. Nami nikashika birika kwenda jikoni, nimefurahi, na njiani nikamwuliza Bwana Chilumba, karani wa mifano, kwa sasa Baba Mlezi amefika wapi kwenye Kamusi.

"Amefika bata," alisema.

"Bata aliingia lini?"

"Mwaka wa pili huu. Anampenda bata. Anamrudia."

Nilisimama pale na birika mpaka mkono ukaungua. Kendidi ni ya herufi K. Herufi nilizijua zote tangu darasa la kwanza, nikiwa naimba na wenzangu. Sikuzihesabu.

*

Ukumbi wa Mifano ulikuwa upande wa nyuma, wenye madirisha marefu. Waliohifadhiwa walikaa kwenye viti vilivyopangwa kwa herufi, wote wamevaa bafta tangu agizo jipya, na ukipita haraka ungedhani ni nguo zimeanikwa kwenye viti. Kila siku saa nne asubuhi Bwana Chilumba aliingia na daftari na kalamu nyekundu. Alimfikia kila mmoja, naye alitamka sentensi yake, na karani akalinganisha na karatasi, neno kwa neno.

Palikuwa na mzee wa neno kesho. Sentensi yake ilikuwa, "Kesho nitakwenda nyumbani." Bwana Chilumba alipomaliza kumsikiliza alikuwa akitia alama ya vema.

Dada alikaa kiti cha mwisho katika safu ya K, kwa kuwa ndiye aliyeingia mwisho. Mwanzoni alipokuwa akisema sentensi yake sauti ilikatika kwenye neno mwanangu, na karani alimngoja kwa adabu. Nilipompelekea chai nilimwuliza, "Dada, umekula?" Alinitazama, akanijibu:

"Zahanati ya Bondeni imekatiwa utepe mara nne. Mwanangu alifia kwenye ngazi zake saa sita mchana, kwa sababu ndani hamna mganga wala dawa, mna mikasi minne."

Nilielewa. Kanuni ilisema kwamba neno lolote jingine atakalotamka ndani ya ukumbi litaandikwa kuwa mfano wa pili, na mwenye mifano miwili huhifadhiwa mara mbili. Hivyo alinijibu yote kwa sentensi hiyo hiyo. Akiisema polepole nilijua amechoka. Akiikatiza nilijua anataka niondoke. Siku moja niliuliza kama ananilaumu, akaisema yote akiwa ametazama dirishani, na hiyo sikuweza kuisoma.

Baadaye hata sauti hizo zikaisha. Ikabaki sentensi peke yake, iliyosawazika kama shuka lililopigwa pasi, na mimi ningeweza kuapa kwamba wakati mwingine niliisikia na midomo yake haikutikisika.

*

Sasa kuhusu zile picha.

Ili wageni wakirudi waone kendidi kwa macho yao, maana ya pili nayo iliwekwa hadharani. Wapiga picha walijificha nyuma ya mapazia na ndani ya makabati, wakawapiga maofisa bila wao kujua, na picha zikatundikwa kwenye fremu ukutani, korido nzima ya Idara.

Ya kwanza ilimwonyesha Daktari Mtengule amesinzia mezani. Nilikuwa nafagia chini yake. Nilipoinua macho niliona kwamba nyuma ya kiti chake, mahali ambapo mimi nafuta vumbi kila siku na najua pana kabati la mafaili, pana ngazi tatu za saruji. Ngazi ya chini amelala mtoto, ubavu. Mguu mmoja una ndara, mwingine hauna. Ile ndara ilikuwa imefungwa kwa uzi mwekundu, na uzi ule niliufunga mimi.

Nilifagia mahali pale pale mpaka mtu akaniuliza kama sakafu imenikosea nini.

Picha ya pili, Bi Nunu anakula embe: ngazi, mtoto. Ya tatu, Waziri anajitazama kwenye kioo cha gari: ngazi barabarani, mtoto. Wakafukuza mpiga picha. Wakafukuza na wa pili. Ikatoka barua yenye kichwa MTOTO ASIYE NA KIBALI KATIKA PICHA ZA SERIKALI, ikimtaka mzazi ajitokeze aonywe. Mafundi waliletwa wakaagizwa kuondoa ngazi katika ofisi zote zisizo na ngazi. Walizunguka siku nzima na nyundo, wakatia saini kwamba wameziondoa. Picha za wiki iliyofuata zilikuwa nazo.

Hakuna aliyepiga kelele. Nchi yetu si ya kelele. Watu walianza tu kutembea wakinyanyua miguu juu kidogo kwenye zulia.

Bi Nunu alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"We Siwatu. Yule mtoto unamwona?"

"Namwona, Bi Nunu."

"Mimi nikila sasa hivi nakula nimegeukia ukutani." Alishusha sauti. "Mwanangu, unamjua?"

Nilikuwa nachota sukari. "Watoto wanafanana," nilimwambia.

*

Mwenye kunipa njia alikuwa Bwana Chilumba, na hakujua. Alikuwa akinywa chai, akijivunia kanuni zake kama wengine wanavyojivunia ng'ombe.

"Ya kumi na mbili ndiyo tamu," alisema. "Mfano lazima uwe kweli siku ulipotamkwa na siku unaposomwa. Ukiacha kuwa kweli, unafutwa, na mwenyewe anarudishwa kwao."

"Imewahi kutokea?"

"Mara moja. Mama mmoja alisema, 'Mto wetu una maji.' Tulikaa naye wiki tatu tu."

Nikaanza kutafuta namna ya kuifanya sentensi ya dada isiwe kweli. Njia ya kwanza niliyoiona ni ile ambayo na wewe umeiona: zahanati ipate mganga na dawa. Niliomba ruhusa, nikaenda Wizara ya Afya na Ufunguzi, nikakaa kwenye benchi siku nane. Siku ya nane kijana mmoja mwenye tai alinihurumia.

"Dada yangu, dawa haiko kwenye mpango."

"Kwenye mpango kuna nini?"

"Kuna utepe."

Nilirudi kwa miguu, na nusu ya njia nikasimama. Utepe. Sentensi ilisema mara nne. Sikuhitaji mganga wala dawa. Nilihitaji mkasi mmoja zaidi.

Ningependa kusema kwamba nilifikiri sana. Sikufikiri sana.

Waziri alikuja Idarani siku ya Jumanne kulalamika juu ya picha yake. Nilimmiminia chai, nikabaki nimeinama na sinia.

"Mheshimiwa, samahani. Mtoto yule, huko kwetu wanasema hutulia kama jengo lake likifunguliwa upya."

Aliweka kikombe chini. "Jengo gani?"

"Lenye ngazi tatu. La Bondeni."

"Lifunguliwe na nani?"

"Na mtu mkubwa."

"Mkubwa kiasi gani?"

"Kiasi chako, Mheshimiwa."

Alinyoosha tai. "Alhamisi," alisema.

*

Alhamisi Bondeni kulikuwa na bendi, na mahema, na viti vya plastiki vilivyofungwa mashuka. Zahanati ilipakwa rangi upande wa mbele. Utepe mwekundu ulivutwa mlangoni, na Waziri akahutubia.

"Ndugu wananchi! Serikali nyingine hufungua jengo mara moja, zikalisahau. Sisi hatusahau! Leo nafungua tena, na ninaahidi mbele yenu kwamba hii si mara ya mwisho!"

Makofi. Akaziendea ngazi. Kwenye ile ya chini alisimama, akatazama mbele tu, akaivuka kwa kutanua miguu kama mtu anayemvuka aliyelala. Walinzi nyuma yake wakaivuka vile vile. Na wapiga tarumbeta. Na Bi Nunu, ameshika gauni. Ngazi ilikuwa tupu, niliiona kwa macho yangu, imefagiwa. Hakuna aliyeikanyaga na hakuna aliyesema kwa nini.

Wanawake wa Bondeni walisimama pembeni, na wote walinijua.

"Siwatu," aliniita Mama Rukia, jirani yetu, "ndio umetuletea tena? Mkasi wa tano huu, tuufanyie nini, tukatie kucha?"

Wenzake wakacheka, cheko la kukaza meno. Mama Rukia mwenyewe hakucheka. Alikuwa amempakata mtoto wake wa mwisho, amemfunika kwa kitenge, na juu ya kitenge jua lilikuwa kali.

"Ana homa tangu jana," alisema. Akanisogelea, sauti ikabadilika. "Mwenzangu, wewe uko nao huko. Niambie. Leo wanatibu?"

Nilitazama mlango. Utepe ulikuwa umeshakatika, ncha zake mbili zinapeperuka. Kama nikimwambia hawatibu, atapiga kelele pale pale, sherehe itavunjika, na gazeti litaandika nini? Nilihitaji gazeti liandike kwamba imefunguliwa.

"Subiri kidogo," nilimwambia.

Akaketi kwenye kivuli cha ukuta, akasubiri.

*

Kesho yake saa nne Bwana Chilumba alifika safu ya K, kiti cha mwisho. Dada akatamka sentensi yake. Karani alifungua gazeti, akatazama daftari, akatazama gazeti tena. Kalamu nyekundu ikabaki hewani.

"Mama," alisema, "hii si kweli tena. Ni mara tano."

Kamati iliitwa mbio. Daktari Mtengule alikuja bila miwani yoyote. Alipiga goti mbele ya dada yangu, mtu mzima na shahada zake.

"Mama yangu, usituache. Badilisha neno moja. Sema tano. Ukisema tano mfano unasimama, nasi tutakutunza mpaka mwisho. Nchi nzima hii haina sentensi nyingine kama yako."

Wote wakangoja. Mzee wa kesho aligeuza shingo. Dada alinitafuta kwa macho, akanikuta mlangoni na sinia langu. Nikatikisa kichwa kukataa, kidogo sana.

Alifumba mdomo. Nilimwona anavyoufumba, kama anayemeza kitu kikubwa.

"Mfano umekufa," alisema Bwana Chilumba, akapiga mstari.

Lakini hakuna anayetoka serikalini bila karatasi. Wakamletea Hati ya Kutengua, isemayo kwamba mimi niliyetajwa hapo juu nilitamka jambo lisilo kweli kuhusu Zahanati ya Bondeni na kuhusu kifo kilichodaiwa kutokea kwenye ngazi zake. Dada aliisoma yote. Akachovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza. Tulitoka kwa mlango wa nyuma, yeye na bafta yake.

Neno kendidi liliingia kwenye rasimu ya Kamusi likiwa na maana mbili, ya picha na ya weupe. Wageni waliporudi walionyeshwa zote mbili wakaridhika, wakapewa vinyago vingine. Na picha ya ufunguzi ilitundikwa ukutani ikakaa siku moja tu kabla ya kushushwa. Ilimwonyesha Waziri amenyanyua mkasi. Mtoto wa ngazini safari hii alikuwa ameketi, na pembeni yake alikuwa amemtengea mwenzake nafasi.

Mimi niliacha kazi wiki hiyo.

*

Nyumbani dada hakusema neno. Nilidhani ni mazoea ya kule, yatakwisha. Alishona. Mimi nilipika, nilifua, nilisema mambo ya bei ya nazi na mvua, na yeye alikanyaga cherehani. Zilipita siku kumi na tisa. Mlio wa cherehani ulinifuata mpaka uani, na katikati ya mlio nilisikia mara nne, mara nne, mara nne.

Siku ya ishirini, saa sita mchana, nilikuwa nachambua mchele. Cherehani ikanyamaza.

"Fomu uliandika wewe," alisema.

Sauti yake ilikuwa na kutu.

"Ndiyo, dada."

"Na Waziri umempeleka wewe Bondeni."

"Ndiyo."

"Mimi nimetia dole gumba kwamba Kheri hakufia pale."

"Ndiyo, dada. Mimi ndiye niliyekutikisia kichwa."

Alinigeukia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kunitazama usoni.

"Mtoto wa Mama Rukia yukoje? Nilisikia alikuwa anaumwa."

"Sijui."

"Hujui?"

Nilitazama mchele. Niliona chuya moja, nikaitoa. Nikaona nyingine.

"Najua," nilisema. "Alikufa siku ile ile. Kabla hawajakunja mahema. Mama yake aliniuliza kama wanatibu, nikamwambia asubiri. Nilijua hawatibu. Nilitaka uandikwe ufunguzi ili wewe utoke."

Hakulia wala hakunipiga, ingawa nilikuwa nimeshainamisha kichwa kwa kungoja kofi. Alifunika cherehani. Alichukua kanga yake nyeusi, akanirushia na yangu.

"Simama."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwake."

"Dada, nikafanye nini kwake? Nimeshampa pole, nilikwenda matangani, nilikoroga hata uji..."

"Ulikwenda ukanyamaza. Sasa ukamwambie."

"Nimwambieje?"

"Hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Usiongeze."

Ni nyumba ya saba kutoka kwetu. Nilizihesabu. Dada alipiga hodi. Mama Rukia alifungua, mikono ina unga, akatufutia kigoda na mkeka akasema karibuni, karibuni jamani, Mwajabu umerudi, keti, Siwatu nawe mwenzangu keti.

Dada aliketi. Mimi nilibaki nimesimama, nikaanza.